Nimekuja Kukuambia Kabla ya Kumuuza Bihogo

Shangazi mpendwa, masenge wangu,

Shikamoo. Nimeitoa salamu na nimenyamaza kidogo, kama inavyopasa, nikisubiri ile "marahaba, mwana wa kaka" yako ya sauti nene iliyokuwa ikiwashtua hata mbuzi wa jirani. Haikuja. Basi naendelea.

Nakuandikia nikiwa dukani, hapa Runazi, juu ya kaunta, saa saba mchana, watu wakiwa mashambani. Anitha amelala miguuni pangu ndani ya boksi la dawa za minyoo nililolitandikia kanga. Ana mwaka na miezi miwili sasa, na meno sita ambayo yote anayajaribia kwangu. Nimechoka, masenge. Nikikosea maneno nisahihishe kimya kimya, kama ulivyokuwa ukisahihisha vipimo vyangu vya dawa mbele ya wateja bila wao kujua.

Cheti chako bado kinaning'inia nyuma yangu, kati ya kalenda na rafu ya dawa za kupe. Ile picha ya ujana wako, nywele za mistari minne, inamtazama kila anayeingia kana kwamba amechelewa kuleta ng'ombe kwenye chanjo. Tangu tukuzike, kabla ya mavuno ya maharage yaliyopita, nafungua duka hili kila asubuhi chini ya macho hayo. Sheria inataka duka la dawa za mifugo liwe na mtaalamu. Mtaalamu ni wewe. Mikono ni yangu.

Nina jambo la kukuambia, na ni wewe mwenyewe uliyeniagiza nikuambie kabla sijalifanya. Nitalifikia. Lakini siwezi kulifikia bila kupita kwetu Ntobeye, Ngara.

Unakumbuka matokeo yangu ya kidato cha nne? Baba aliyasoma kwenye simu ya mwalimu, akairudisha simu, akasema, "Basi. Jembe halina divisheni." Mimi nikajifungia. Kesho yake ukaja na pikipiki ya kata, hukushuka wala hukuzima injini, ukaita kutoka uani: "Vaa gambuti. Kulia utalia njiani." Nililia njiani kweli, nyuma ya mgongo wako, na hukugeuka. Ulinipa daftari la chanjo nishike, na mtu akishika kitu cha kazi anakuwa na sababu ya kufuta machozi.

Boma la kwanza nikaharibu. Nilimwamkia mwenye boma kwa heshima zote, nikafungua daftari, nikauliza, "Mzee, ng'ombe wangapi?" Mzee akageuka kutazama mlima. Mkewe akaingia ndani. Ukanivuta pembeni kwa sikio, mimi msichana mzima wa miaka kumi na minane, ukaninong'oneza, "Wewe umelelewa wapi? Unamhesabia mtu ng'ombe wake usoni, unataka waishe?" Kisha ukamrudia yule mzee ukicheka, ukamwambia, "Mzee wangu, huyu mtoto shule imemharibu. Mimi nimekuja kuwasalimia wanao. Nitajie majina."

Uso wa mzee ukafunguka. Akaanza: Gaju, Mayenzi, Sukari, Mukobwa, yule mwenye pembe moja anayeitwa Mwenyekiti. Kila jina na habari zake, huyu mwizi wa mahindi, huyu ana aibu, huyu alizaliwa siku ya kipaimara cha mtoto. Ulimsikiliza kama mtu asiye na haraka, na mkono wako wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo, vidole vinakunjwa kimoja kimoja, na mkono ukijaa unaanza tena. Tulipotoka ukaniambia bila kunitazama, "Kumi na saba. Andika." Siku ile chanjo ilitosha, haikupungua wala haikubaki. Wenzako wa kata nyingine walikuwa wakilalamika kwamba watu wa kwetu ni waongo, wanataja watano unakuta kumi. Wewe hukuwahi kumwita mtu mwongo kwa sababu hukuwahi kumuuliza swali la kumfanya adanganye.

Nimewasimulia watu wengi habari hiyo. Nilidhani kuisimulia ni sawa na kuijua.

Siku nyingine ninayoibeba ni ile ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, kule bondeni. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umejikunja. Ulivua saa, ukapaka sabuni mkono mpaka begani, ukalala kifudifudi kwenye tope na shati lako jeupe la kanisani, kwa sababu walikuja kukuitia kanisani. Wanaume wanne walisimama wakishauri. Mmoja akasema, "Dokta, vuta tu!" Ukamjibu ukiwa umelala pale pale, "Wewe ulivutwa tu, ndiyo maana uko hivyo." Walicheka mpaka mwenye ng'ombe akasahau kulia. Ndama akatoka mzima. Nikakumiminia maji unawe, na wakati unanawa ukanisimulia jambo ambalo sijui kama ulimsimulia mtu mwingine.

Ulisema ulipokwenda chuoni kusomea kile cheti ulimwacha mwanao, kaka Deo, kwa bibi akiwa na miezi kumi. Uliporudi alikuwa anatembea, anaongea, anachunga kuku. Akajificha nyuma ya gauni la bibi, bibi akamsukuma mbele, akakunyooshea mkono akasema, "Shikamoo, mgeni." Ulinawa mkono ule kwa muda mrefu sana, masenge, hata baada ya damu kuisha.

"Nililipa ada mara mbili," ukasema. "Moja kwa mhasibu."

Ukaomba taulo.

Sasa nimefika kwenye lile jambo. Nilipoolewa huku Runazi ulileta mtamba mwekundu wa kukoza, ukamfunga mbele ya nyumba yetu, ukasema anaitwa Bihogo. Unajua kwetu: ng'ombe wa kugabiwa, yaani wa kupewa kwa undugu, hauzwi. Anazaa, unamrudishia aliyekugabia mtamba, undugu unaendelea. Ukamwambia mume wangu Eliya mbele ya wakwe zangu wote, "Baba, usije ukamla huyu ukamwita mchuzi." Halafu mimi ukaniita kando. "Ukimuuza kwa shida ya tumbo, sitakusamehe. Ukimuuza kwa shida ya kujua, sawa. Lakini uje uniambie kwanza."

Nimekuja kukuambia.

Nilirudia mtihani wa biolojia na kemia, nikiwa na mimba ya Anitha, nikitapika kati ya karatasi moja na nyingine. Nilifaulu, si kwa kishindo, lakini mlango umefunguka. Barua ya chuo imekuja. Ni miaka mitatu mpaka diploma ya afya ya mifugo. Ukiishia njiani unatoka na cheti kama chako. Ni mabasi mawili kutoka hapa. Ada, bweni, chakula, koti jeupe, gambuti mpya, nauli. Nimeipiga hesabu kwa namna zetu: Bihogo analipa mwaka wa kwanza na kunibakizia gambuti. Mwaka wa pili ni maharage na mahindi ya misimu miwili, mvua ikikubali. Mwaka wa tatu sikuuona ulipo.

Na faida? Nilimuuliza kijana mmoja aliyemaliza diploma hiyo, anapita hapa kununua mipira ya mkononi ya kupandishia ng'ombe. Sikutaka maneno matamu na hakunipa. "Dada, ajira ya serikali naisubiri huku nimesimama," alisema. "Nimeomba mara tatu. Lakini njaa silali. Napandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, nachanja kuku, nahasi madume. Mwezi wa mahindi nalipwa fedha, mwezi wa njaa nalipwa jogoo." Kisha akacheka, "Jogoo ninao wengi."

Shemeji yangu alipopata habari alikuja mpaka dukani. "Shemeji, miaka mitatu chuoni kujifunza kuingiza mkono kwenye makalio ya ng'ombe? Si ungeniambia, ningekufundisha bure!"

"Wewe mkono wako nimeuona ukiingia kwenye sufuria tu," nikamjibu. Wateja wakaangua kicheko, akaondoka na utani wake.

Eliya hakucheka wala hakukataza. Alisema maneno machache, unamjua. "Ng'ombe ni wako. Mtoto ni wetu." Na mama mkwe akasema Anitha atamlea yeye, akamchukua kutoka mgongoni mwangu palepale kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo. Nilishukuru, kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa sababu mtoto hakulia.

Basi nikaahirisha. Nilijiambia mbona kazi naifanya. Dozi nazijua, majina ya dawa nayajua, watu wananiita dokta. Karatasi ni karatasi.

Ndipo akaja Mzee Kagoma wa Nyantakara.

Ilikuwa siku ya gulio. Anitha alikuwa na homa, yuko mgongoni analia, mbele yangu wateja sita. Mzee akataka dawa ya kupe. Nami, masenge, mimi niliyevutwa sikio Ntobeye, nikamuuliza bila hata kuinua uso, "Ng'ombe wangapi, mzee?"

Akatazama nje. "Watano hivi."

Nikampa chupa ya watano, nikamweleza vizibo na lita za maji, nikaita anayefuata.

Walikuwa kumi na mmoja. Akaongeza maji ili wote wapate, kama mtu anavyoongeza maji kwenye uji wageni wakija. Kupe walioga wakatakata. Siku kumi baadaye akarudi akasema ndama anakohoa, nikamuuzia dawa ya kifua. Wewe ungepanda pikipiki, ungeshika tezi chini ya sikio, ungejua ni ndigana, homa ya kupe, kabla hujafungua mkoba. Mimi nilisikia kikohozi nikauza dawa ya kikohozi.

Wiki iliyofuata akaja tena, akaweka chupa tupu juu ya kaunta taratibu. "Ndama wawili," akasema. Aliitaja idadi waziwazi, kwa sababu waliokufa hawana tena cha kufichiwa. Akainua macho kwenye cheti chako.

"Huyu mama namfahamu. Alitibu ng'ombe wa baba yangu kule Ngara. Leo ananiuzia maji?"

"Si yeye, mzee. Yeye alishafariki."

Akavua kofia. Akaiweka kifuani. "Sasa ni nani aliyeniuzia?"

"Ni mimi."

"Na cha kwako kiko wapi?"

Hakuuliza kwa ukali, masenge. Angeuliza kwa ukali ningepata la kujibu. Alikuwa anatafuta ukutani kweli, kama mtu anayetafuta picha ya pili.

Jumapili nilikwenda Nyantakara. Eliya alinipakia kwenye pikipiki na bomba la kupulizia, Anitha katikati yetu. Nilimwamkia mzee na mke wake, nikasema nimekuja kuwasalimia wanawe, anitajie majina. Akanitazama sana. Kisha akaanza, polepole, na mkono wangu wa kushoto nikauweka nyuma. Alipofika mahali pa wale wawili akanyamaza, nami nikanyamaza, kisha akaendelea. Tulipulizia wote tisa kwa kipimo kamili, tumboni, masikioni, chini ya mkia. Mke wake akampa Anitha maziwa kwenye kikombe. Wakati tunaondoka mzee akasema, "Ungeniuliza hivi mwanzoni." Akaninyooshea bomba. "Na mimi ningekwambia."

Njiani Eliya aliniuliza mbona naongea peke yangu. Nilikuwa napiga hesabu upya. Nilikuwa nimeweka upande mmoja ada, Bihogo, maharage, miaka mitatu ya Anitha. Upande wa pili mshahara ambao haupo na majogoo wa yule kijana. Sikuwa nimeweka mahali popote ndama wawili wa Mzee Kagoma. Kutojua nako kuna ada yake, na siku ile aliyeilipa hakuwa mimi.

Nikampigia kaka Deo huko Mwanza. Nilitaka kumuuliza kama bado anaumia. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Nililia wiki moja, bibi ananiambia. Halafu huyo mgeni akanisomesha miaka kumi na sita kwa mkono ule ule wa kuzalishia ng'ombe. Nenda, dada. Ila likizo zote rudi. Yeye hakuwa na nauli ya kurudi likizo. Hiyo ndiyo iliyomuuma."

Hilo hukuniambia, masenge. Ulisema ulilipa mara mbili, hukusema kwamba ya pili ilikuwa nauli. Nimeiongeza kwenye hesabu: nauli ya likizo itatoka kabla ya koti jeupe. Koti nitaazima.

Nimeacha kuandika kwa saa nzima. Mama Sauda, mwenye duka, alikuja kutoka Biharamulo mjini kuangalia mauzo yake, na Anitha akaamka.

Nimemweleza bosi yote. Unamjua mama wa biashara, hana maneno ya mzunguko. Alisimama akikutazama ukutani huku kashika kiuno. "Nimekosa na mimi," akasema. "Kila mwezi najiambia nitatafuta mtaalamu mwingine. Marehemu hadai, lakini mkaguzi anadai." Nikamwambia lile ninalolijua siku nyingi na sikuwahi kulitamka: kwamba ulipokuwa hai karatasi yako ililipwa zaidi ya mimi niliyesimama chini yake. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Ni kweli. Ndiyo bei ya karatasi, mwanangu. Basi kailete ya kwako."

Amesema mwaka wa tatu atalipa yeye, nami nikimaliza nikae hapa miaka miwili. Nimekubali kwa sharti moja. Cheti changu hakitakaa ukutani bila mimi. Siku nisipokuwepo kinashuka, tunaondoka wote wawili. Akacheka. "Umefanana naye mpaka unaudhi," akasema. Sijapata sifa nyingine kubwa kuliko hiyo tangu nizaliwe, nami nimeipata nikiwa na maziwa yaliyoganda kwenye blauzi. Duka litakuwa limefungwa upande wa dawa mpaka apate mtaalamu aliye hai. Chumvi ya mifugo na majembe yataendelea kuuzwa.

Najua hesabu yangu bado ina matundu. Mvua inaweza kukataa. Anitha anaweza kuninyooshea mkono. Nimemwambia mama mkwe akimfundisha neno "mgeni" nitalijua limetoka wapi, akanipiga kwa upawa. Sina uhakika kwamba diploma itarudisha fedha zote itakazokula. Lakini nimekuona wewe na cheti chako kidogo, umelala kwenye tope na shati la kanisani, na mwenye ng'ombe anacheka huku machozi hayajakauka. Sijaona mtu aliyekuwa tajiri kuliko hapo, na kesho yake ulikuja kukopa chumvi kwetu.

Bihogo atakwenda mnadani Jumamosi. Nimemwogesha jana, kwa kipimo. Mtoto wake Gaju, niliyempa jina la yule wa Ntobeye, habanduki zizini. Huyo ndiye mtamba wako wa kurudishiwa, na kwa kuwa hupo kumpokea, akishapata mimba nitampeleka Nyantakara kwa Mzee Kagoma. Sitampeleka kama fidia, sheria haikunidai. Nataka undugu uendelee, kama ulivyosema. Eliya amekubali.

Cheti chako nimekishusha sasa hivi. Nimekifuta vumbi kwa kanga ya Anitha, nikakifunga kwenye gazeti, kaka Deo atakuja kukichukua, kiende nyumbani Ntobeye. Ukutani pamebaki pembe nne safi kuliko ukuta wote. Mama Sauda alitaka kuning'iniza kalenda kwenye msumari wake.

Nimemkataza. Msumari nimeuacha wazi.

Pumzika, masenge. Kama nimekosea, unajua sikio langu lilipo.

Mwana wa kaka yako,
Mama Anitha
Runazi